Kutuma na Kufuma

Kuna aina ya makala ninayoipenda sana, na leo nataka kuisema vibaya kidogo. Ni ile ya kuchukua lugha mbili zisizojuana kabisa, tuseme Kiserbia na Kijapani, na kuonyesha kwamba zinafanana. Nimezisoma nyingi. Nilianza nikiwa chuoni, wakati nilipaswa kusoma vitu vingine, na nimeendelea hata baada ya chuo kunishinda na kurudi nyumbani Muthara.

Na kweli zinafanana. Zote mbili zina irabu tano zilezile tulizo nazo kwenye Kiswahili: a, e, i, o, u. Zote mbili hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maneno. Pale Tokyo, ukisema hashi sauti ikianzia juu ikashuka, umetaja vijiti vya kulia. Ikianzia chini ikapanda, umetaja daraja. Ukifika Osaka mambo yanageuka, daraja linachukua sauti ya vijiti. Mserbia naye ana neno grad. Akilitamka kwa ufupi ni mvua ya mawe, akilivuta ni mji.

Makala nyingi huishia hapo. Msomaji anashangaa, anasambaza kwa marafiki, basi. Lawama yangu ya kwanza ni kwamba huo mshangao hauna mizizi. Kiserbia ni cha ukoo wa Kislavoni, ndugu zake ni Kirusi na Kipolandi. Kijapani kina ukoo wake kando. Kufanana kwao ni kama watu wawili waliokutana kwenye matatu wamevaa shati la rangi moja. Inachekesha, lakini huwezi kuwauliza habari za nyanya yao.

Lugha ambazo unaweza kuziuliza habari za nyanya yao ziko hapa hapa. Kimeru na Kiswahili ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Kimeru kina irabu saba. Ukiacha zile tano, kuna î, inayokaa kati ya i na e, na û, inayokaa kati ya u na o. Kiswahili kilikuwa nazo zamani, kikazipoteza. Mtu wa Tigania akikisikia anaweza kudhani ni lugha iliyopunguzwa, imetolewa irabu mbili na toni juu yake.

Lakini angalia vizuri. Kimeru kinasema kîntû, Kiswahili kinasema kitu. Kimeru kinasema nkingo, Kiswahili kinasema shingo. Mbona k moja imebaki na nyingine imegeuka sh? Kwa sababu ile i ya nkingo ni i kali, isiyo na kofia, na zamani i hiyo iliisukuma k iliyoitangulia hadi ikawa sh. Irabu za kofia hazikuwa na nguvu hiyo. Ndiyo maana mûntû amekuwa mtu, t yake haikuguswa, lakini mbura imekuwa mvua, b ikageuka v. Kiswahili kilipoziunganisha irabu, tofauti ilikuwa imeshahamia kwenye konsonanti. Kiliuza ng'ombe lakini pesa ziko nyumbani.

Sasa nifike kwenye neno lililoniumiza.

Kwa Kimeru, gûtûma, yenye kofia mbili, ni kutuma. Gûtuma, ambapo u ya pili haina kofia, ni kushona au kufuma. Kiswahili kilihifadhi yote mawili kwa njia yake: moja likabaki tuma, lingine t yake ikawa f, likawa fuma.

Mwaka wangu wa pili chuoni, mama aliniandikia meseji. Mama yangu ni fundi wa nguo, ana cherehani moja pale sokoni. Aliandika kwa Kimeru, kwenye simu ndogo ya vibonyezo, bila kofia yoyote kwa sababu simu haikuwa nazo. Niliona neno sweta, neno leo, na hicho kitenzi. Nairobi kulikuwa na baridi ya Julai. Nikasoma kwamba anatuma sweta leo.

Nilienda ofisi ya vifurushi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nikagombana na karani, halafu nikampigia mama nikamwambia mambo ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi: ati ananipotezea nauli, ati kama hana sweta aseme tu. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema taratibu kwamba bado alikuwa anaifuma, usiku, kwa sababu mchana kuna kazi za watu, na macho hayamsaidii sana kwenye taa. Alikuwa ameandika ukweli mtupu. Mimi, niliyekuwa nasomea lugha, ndiye niliyeshindwa kusoma.

Hapa mpenzi wa zile makala atanijibu. Atasema: mbona Waserbia hawawekei grad alama yoyote kwenye magazeti, na hawajafa? Msomaji anajua kutokana na sentensi kama ni mji au mvua ya mawe. Ni swali zuri, na limenifanya niache kuidharau ile mifano ya mbali, maana ni Belgrade na Tokyo zilizonifunza kuliuliza. Kila lugha hujiamulia karatasi itabeba nini na msomaji atabeba nini. Mjapani huandika vijiti na daraja kwa alama mbili tofauti kabisa, na karatasi inamaliza kazi. Mserbia humwachia msomaji.

Ila msomaji huyo wa Belgrade amesoma Kiserbia kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Amekutana na grad mara elfu. Mtoto wa Muthara, akibahatika, anafundishwa kwa Kimeru miaka mitatu ya kwanza, kisha kinafungiwa nje ya darasa. Ukimwachia huyo akisie, unamwachia mzigo ambao hakupewa mgongo wa kuubeba. Na kofia zetu si mapambo ya toni. Toni yenyewe Kimeru hakiiandiki. Zile ni irabu kamili. Kuziondoa ni sawa na kuandika Kiswahili ukitumia herufi moja kwa i na e, halafu umlaumu anayechanganya pita na peta.

Lawama yangu ya pili, kwa hiyo, ni kwetu sisi wa magazeti ya mtandaoni. Mwaka 2016 Jalada walichapisha hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu kwa nini binadamu hutembea wima, pamoja na tafsiri zake katika lugha nyingi za Afrika. Ndani ya kichwa chake cha Kikuyu kuna neno Gĩtũmaga, mzizi uleule wa kutuma, hapo ukiwa na maana ya kusababisha. Toa kiwimbi juu ya ũ, na kinachowafanya watu watembee wima kinageuka kinachowashona. Kumbe heshima kwa lugha inaweza kuwa kitu kidogo hivyo. Lakini ni mara ngapi tunamwandika Ngugi tu, au tunachapisha methali ya Kimeru imenyolewa kofia zote, na bado tunajiita watetezi wa lugha za mama?

Mama nilimsamehe simu yake. Mhariri mwenye kompyuta simsamehi, wala mimi mwenyewe, niliyewahi kutuma makala hivyo kwa uvivu wa kutafuta herufi.

Sweta ilikamilika nikiwa nimesharudi nyumbani, kwa hiyo haikuhitaji kutumwa. Mikono imezidi urefu kidogo, naikunja. Mama sasa ana simu nyingine, na nimemwekea kibodi yenye î na û. Anasema inamchelewesha. Juzi aliniandikia nimpelekee uzi mweusi sokoni, na kwenye kitenzi u haikuwa na kofia. Niliangalia mara mbili, kisha nikapeleka uzi.