«Noir et Blanc»: mashini, sauti, na maneno yetu

Msomaji wa kitabu hiki amezoea kukuta humu habari za ngoma, za ndoa, za mazishi na za mezali. Leo tunamletea diski ya mashini. Tunajua wengine watasema: hiyo haiko mila, hiyo ni mambo ya Bulaya. Tunawaomba wavumilie kidogo. Ndani ya diski hiyo kunaimba Mkongomani, na wimbo mumoja uko na jina la Kiswahili chetu sisi, si cha Zanzibar wala cha vitabu vya shule: «Dju Ya Feza».

Diski yenyewe inaitwa «Noir et Blanc», ni kusema Mweusi na Mweupe. Ilitoka mwaka 1983 kwa Crammed Discs, nyumba ya muziki ya Bruxelles iliyoanzishwa na Marc Hollander. Walioitengeneza ni Hector Zazou, mtunzi Mfaransa aliyezaliwa Algeria. Bony Bikaye, mwimbaji Mkongomani. Na vijana wawili wa kundi CY1, Claude Micheli na Guillaume Loizillon, ambao kazi yao ilikuwa kuendesha mashini za umeme zinazozaa sauti, zile zinazoitwa sentetizeri. Wengine walikuja kusaidia, kati yao Fred Frith, mpiga gita Mwingereza, na Vincent Kenis, Mbelgiji ambaye jina lake tutalikuta tena mbele.

Mwaka 2017 Crammed Discs ilitoa diski hiyo upya, sauti ikiwa imesafishwa. Kusafisha huko ni nini? Wanarudia ukanda wa kwanza, wanapunguza uchafu wa sauti, wanapima upya nguvu za besi na za sauti nyembamba, ili vyombo vya leo viweze kuitoa vizuri. Ni sawa vile fundi anapangusa picha ya zamani: hachori uso mupya, anatosha tu vumbi. Zazou mwenyewe hakuiona kazi hiyo, maana alikufa mwaka 2008. Na kwetu wengi tuliokulia na Franco na Tabu Ley, toleo hilo la pili ndilo lilikuwa la kwanza, sababu la 1983 hatukulisikia.

Tuseme wazi: ni kazi nzuri. Anayetafuta rumba humo hataipata. Hakuna sebene, hakuna gita tatu zinazojibizana mpaka asubuhi. Kuna kipande kifupi cha mashini kinachorudilia, kikavu, halafu kingine kinaingia pembeni, na juu yao sauti ya Bikaye inaita, na sauti ya Bikaye tena inajibu. Mutu mumoja anageuka kuwa mwimbishaji na kundi la waitikiaji. Aliyewahi kukaa kwenye matanga ao kwenye ngoma ya kijiji anajua mpango huo: mumoja anatupa neno, wengine wanalipokea. Mashini haikuuvunja. Imeuacha wazi zaidi, kwa kuwa nafasi kati ya sauti na sauti ni kubwa, na toleo la 2017 limezifanya nafasi hizo zisikike. Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaosema kwamba umeme unaua mila. Mezali «mwacha mila ni mtumwa» tunaipenda, lakini haisemi kwamba mila ni mti peke yake, na chuma ni ya wageni.

Lakini hapo ndipo tunapoanza kubishana na diski yenyewe, ao tuseme na jina lake. Mweusi na Mweupe: ukilisoma haraka unaelewa kwamba Mwafrika ameleta koo, Mzungu ameleta mashini. Watu mingi wameisifu diski hii kwa njia hiyo, kama ndoa ya roho na akili. Hatuipendi sifa ya namna hiyo. Likembe ni nini kama haiko mashini? Ni vipande vya chuma vilivyofuliwa, vikapangwa juu ya ubao kwa hesabu, kila kimoja na urefu wake, na vipete vidogo vya chuma vikizungushiwa ili sauti ivume kwa makusudi. Wazungu wa CY1 walitafuta kwa nyuzi za umeme mvumo ambao wazee wetu walikuwa nao zamani.

Ushahidi uko Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyekufa mwaka 2015, na kundi lake Konono No 1, walichukua muziki wa Bazombo wa mpaka wa Angola, wakatia umeme ndani ya likembe kwa mikrofoni walizojitengenezea na sumaku za vipande vya magari ya zamani. Hakuna Mzungu aliyewafundisha. Mfaransa mumoja aliwarekodi mwaka 1978, muda kabla ya «Noir et Blanc». Na ni Vincent Kenis, yule yule tuliyemutaja juu, aliyekuja kuwarekodi kwa diski «Congotronics», iliyotoka mwaka 2004 kwa Crammed Discs ile ile. Basi mweusi na mashini walikuwa wamekwisha kujuana. Diski ya 1983 haikuwakutanisha, iliwakuta njiani.

Kuna neno lingine la kuchunguza. Huko Bulaya, muziki wa namna hii unawekwa karibu na ule wanaouita muziki wa viwanda. Jina hilo lilitoka kwa kundi la Kiingereza Throbbing Gristle, ambalo mwaka 1976 lilianzisha nyumba yake ya diski, Industrial Records. Kulikuwa na wengine, kama Cabaret Voltaire wa Sheffield, muji wa chuma, na Front 242 wa Ubelgiji, walioufanya muziki huo uwe wa kucheza kwa miguu. Vijana wale walichukua kelele ya kiwanda, wakaifanya mchezo na malalamiko pamoja.

Na sisi wa Katanga tuseme nini? Kwetu kiwanda hakikuwa jina la muziki. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tangu 1911 muji wa Lubumbashi umeishi na tanuru yake ya shaba, bomba lake refu na mulima wake mweusi wa mabaki. King'ora kiliamusha baba, posho ililisha watoto, na siku kazi ilipokwisha njaa iliingia nyumbani. Lakini angalia: watu wa kambi za kazi hawakuimba kelele ya tanuru. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alipiga gita laini kama maji, katikati ya muji wa migodi. Mutu anayesikia mashini kutwa nzima, jioni anatafuta kitu kingine. Ndiyo maana tunapomsikia Bikaye juu ya mashini, hatusikii kiwanda kikitukuzwa. Tunasikia mutu ambaye amekataa kumezwa: mashini inarudilia neno lake bila kuchoka, yeye anapumua, anachelewa, anageuza sauti. Tunaona uzuri wa diski katika kupishana huko, kuliko katika rangi za ngozi.

Sasa turudi kwa maneno, sababu hapo ndipo kuna hasara kubwa. Chukua majina ya nyimbo tu. «M'Pasi Ya M'Pamba»: mwenye kusema Lingala anajua ni mateso ya bure. «Lamuka»: amuka. «Keba»: ujichunge. «Dju Ya Feza»: juu ya feza. Ukiyapanga pamoja, utasema ni mzee anayeonya watoto wake. Na hili la mwisho lina utamu ambao hata Mswahili wa pwani anaweza kuukosa. Yeye akisikia «juu ya feza» atafikiri kwanza kitu kilichowekwa juu ya noti, ao hotuba inayohusu feza. Kwetu ni jibu la ulizo «juu ya nini?». Juu ya nini ndugu wameachana? Juu ya feza. Juu ya nini mtoto ametoka shule akaenda kuchimba? Juu ya feza. Maneno matatu yanabeba sababu na hukumu yake. Hata maandiko, «dju» badala ya «juu», yanaonyesha mkono uliosoma Kifaransa na kinywa kilichosema Kiswahili. Ni picha yetu wenyewe.

Mtu wa Bruxelles ao wa Paris anayecheza wimbo huo usiku hapati hata moja ya hayo. Hatumulaumu, muguu hauhitaji kamusi. Lakini ukanda ukisafishwa na maana ikabaki katika vumbi, kazi imefika nusu. Na nusu inayobaki haitafanywa na fundi wa sauti wa Ubelgiji. Ni yetu sisi tunaosema luga hizi.

Tena kuna swali linalotuuma. Nyimbo za Mwenda Jean Bosco za 1952 ziko salama katika mkusanyo wa Hugh Tracey, kule Afrika ya Kusini. «Noir et Blanc» iko salama kule Bruxelles. Na kwaya za parokia zetu, nyimbo za kalindula, masimulizi ya wazee waliofanya kazi migodini? Ziko katika kaseti, ndani ya makarto, karibu na jiko. Joto na unyevu havingoji kamati ikutane. Ukanda ukishikana na ukanda, hakuna fundi wa kuutengua.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili, yasiyoomba feza mingi. Kwanza, kila mwenye kaseti ya namna hiyo ailete kwa vijana wenye ordinatere ili waihamishe kabla ya mvua mupya. Pili, na hili ni la walimu: tuandike maneno ya nyimbo pamoja na maana yake, jina la mwimbaji, kijiji, na mwaka, wakati wenyewe wangali hai wa kutusahihisha. Tunaweza kuanza na «Dju Ya Feza» darasani. Wanafunzi watajua kuijibu kuliko sisi.