Kiti cha Enzi cha Bunduki: Tafakari kutoka Kusini

Wakristo wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hawahitaji kuelezwa Msumbiji ni nini. Ni jirani wa kusini, ambaye wakimbizi wake walipokewa mkoani Ruvuma tangu vita vya ukombozi. Kwa hiyo kazi ya msanii Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, yatuhusu sisi kuliko watazamaji wa London, ambako imehifadhiwa katika British Museum.

Kiti hicho kiliundwa mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (1977–1992). Mradi ulianzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa Anglikana. Aliyeleta silaha alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zikakatwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii.

Wahubiri huharakisha kukifafanua kiti hiki kwa Isaya 2:4. Nadhani wanakosea kidogo. Upanga uliofuliwa ukawa jembe hauonekani tena. Hapa mtutu ungali mtutu, na kitako cha G3, bunduki ya jeshi la Kireno, kingali kitako ijapokuwa kimekuwa egemeo. Jembe la Isaya liko shambani kwa yule aliyesalimisha silaha yake (nalo halikupelekwa makumbusho).

Kutoficha huko ndiko nguvu ya kazi yenyewe. AK-47 iliyomo kitini imo pia katika bendera ya Msumbiji tangu 1983, pamoja na jembe na kitabu. Kwa FRELIMO ni kumbukumbu ya ukombozi. RENAMO waliiona bendera hiyo kuwa ya chama kuliko ya taifa. Mwaka 2005 yalifanyika mashindano ya kubuni nyingine, lakini ile ya zamani ikabaki. Bendera yaiinua bunduki juu. Kester ameishusha, akaikata, akaiunga iwe kiti ambacho hakuna mtawala wa chama chochote angekikalia kwa raha.

Upungufu upo. Kwa kuwa bunduki zote hizo zilitengenezwa nje ya Afrika, mtazamaji huwalaumu upesi waliouza, akawasahau waliofyatua. Wala jambo hili si la kale: tangu Oktoba 2017 bunduki zimelia tena Cabo Delgado, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara.