Chupa ya Saa Tisa Usiku

Ndama wa ndovu hanyonyi kwa mkonga. Huuinua, akauegemeza ubavuni mwa mama yake, kisha akanyonya kwa mdomo kwenye matiti yaliyo kati ya miguu ya mbele. Anayewaona ndovu akiwa ndani ya gari, kwa mbali, hana haja ya kulijua jambo hilo. Lakini mwenye chupa mkononi na ndama yatima mbele yake asipolijua, atabaki akibembeleza mpaka usiku uingie. Mkonga hutafuta ubavu wa mama, na usipoupata ndama hatulii, na asipotulia hanywi.

Basi mtu mmoja akatundika blanketi. Mlezi akasimama nyuma yake na kupenyeza chupa pembeni. Ndama akauweka mkonga juu ya lile blanketi, akausugua kidogo kama anayehakikisha, akafumba macho, akanywa.

Ufundi huu tumeupata kwa Daphne Sheldrick, aliyefariki Nairobi tarehe 12 Aprili 2018 akiwa na miaka 83. Alipokufa wengi walimsifu kwa huruma yake, na walisema kweli. Mimi naiona sifa hiyo haijamtosha. Wenye huruma tunao wengi. Yatima akiletwa uani, kila mmoja hulengwa na machozi. Wanaojua yatima huyo anywe nini, kwa kipimo gani, na baada ya saa ngapi, hao ni wachache, na yeye alikuwa wa kwanza wao.

Alizaliwa Kenya mwaka 1934, katika familia ya walowezi, na mnyama yatima wa kwanza aliyemlea alikuwa mbawala, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto mdogo. Baadaye aliolewa na David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1948. Nyumba yao ilikuwa ya watu na wanyama pamoja. Mabinti zake wawili walikua wakigawana mama na ndovu, vifaru, swala na kila kilichookotwa porini kikiwa hai.

Wale waliokwisha kuacha ziwa walilelewa bila taabu kubwa, kwa kuwa majani waliweza kula. Wachanga ndio waliomtesa. Katika miaka miwili ya kwanza ndama wa ndovu hawezi kuishi bila maziwa, na maziwa ya ng'ombe humharisha, kwa sababu mafuta yake tumbo lake haliyawezi. Aliyarutubisha kwa krimu, akajaribu siagi, na ndama wakazidi kudhoofika. Alikesha nao, akawazika, na alipoletewa mwingine akaanza upya, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati ili ajue ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoua. Kazi hiyo, tangu jaribio la kwanza mpaka maziwa yenye kuaminika, ilimchukua miaka 28.

Jibu lilikuwa nazi. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribiana na yale ya maziwa ya ndovu, na maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyotengenezwa kwa mafuta hayo ndiyo yaliyokaa tumboni. Kila nikilifikiria jambo hili hunigusa. Ufumbuzi ulikuwa katika kitu ambacho mama wa Mombasa au Lamu hukikuna kila siku kwa mbuzi, akakamua tui la kwanza na la pili, bila kuwaza kwamba kuna kiumbe huko Tsavo anayekufa kwa kukikosa.

Ndipo akaja Aisha. Aliletwa akiwa mchanga kabisa, akapewa maziwa yale ya nazi, akanawiri. Kwa miezi kadhaa alimfuata Daphne kama kivuli. Kisha ikafika harusi ya binti mkubwa wa Daphne. Mama gani atakosa harusi ya mwanawe? Alisafiri, akamwachia mtu mwingine ndama. Aisha akagoma kula. Alikuwa amempoteza mama mara moja, na sasa aliona amempoteza tena. Aliporejea Daphne, ndama alikuwa amekonda mno, na hakupona.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ndovu hubeba mimba miezi 22, na bado wahenga hawakukosea. Maziwa yalikuwa sahihi na mapenzi yalikuwepo tele. Kilichomuua Aisha ni kwamba mapenzi yote yalikuwa ya mtu mmoja. Wengine wangeapa wasilee tena. Daphne alibadilisha utaratibu, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ukuu wake. Tangu hapo ndama hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa wa jamii nzima ya walezi wanaopokezana, kama ilivyo kwa ndovu wenyewe, ambao ndama wao huzungukwa na shangazi na dada.

David alifariki mwaka 1977. Mjane akahamia Nairobi, akaanzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama uliobeba jina la mumewe, na makao ya yatima yakakua ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ilikuwa miaka ya majangili na bunduki, pembe zikiuzwa ng'ambo kwa magunia, na ndama wakiachwa wamesimama kando ya mizoga ya mama zao. Hakukosa wa kulea.

Ukifika pale saa tano asubuhi utawaona wakija kwa mstari kutoka kichakani, wadogo mbele, baadhi wamefungwa blanketi mgongoni, wakikimbilia chupa kubwa za maziwa. Walezi wamevaa makoti ya kijani. Watazame hao zaidi ya ndama. Mmoja huinamisha chupa ili ndama asimeze hewa. Mwingine hufuta povu mdomoni kwa kiganja bila hata kutazama, kama mama anavyomfuta mwanawe huku akizungumza na jirani. Ndama mchanga hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni, kwa kuwa hana kivuli cha mama cha kusimama chini yake. Jioni kila mmoja huingia zizini mwake pamoja na mlezi, na mlezi hulala humo humo, juu ya kitanda kilichoinuliwa, na kesho yake atalala na ndama mwingine ili asizoewe peke yake. Ukipita muda wa maziwa na mlezi amesinzia, blanketi lake huvutwa kwa mkonga.

Najua msomaji wa Voi au wa Taveta ananiuliza kuhusu shamba lake la mahindi lililoliwa usiku mmoja. Ana haki ya kuuliza, na anayewapenda ndovu bila kumjali mkulima huyo hajamaliza kazi. Daphne mwenyewe hakuwaona ndovu kuwa wanasesere. Ndovu wa porini ambaye Daphne alimdhania kuwa ni Eleanor, ndovu rafiki yake wa miaka mingi, alimrusha kwenye mawe, akavunjika mguu vibaya. Alipotibiwa alirudi kazini.

Wakishakua kiasi, yatima wengi hupelekwa Tsavo, na huko, kwa miaka, hujifunza porini mpaka siku wanapoamua wenyewe kutorudi zizini. Alipofariki Daphne, zaidi ya ndovu 230 walikuwa wamelelewa kwa njia hii. Baadhi ya majike yaliyokunywa chupa yamezaa porini, na yakawaleta ndama wao mpaka kwa walezi kuwaonyesha, kisha yakaondoka nao. Kazi sasa iko mikononi mwa Angela, binti yake mdogo, aliyekulia katika nyumba hiyo ya yatima.

Wachanga bado hunyweshwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Leo pia, saa tisa ya usiku, kuna mtu Nairobi atakayeteremka kitandani gizani, akoroge maziwa, na kuishika chupa mpaka iishe.