Protini Inayokonyeza

Wavuvi wa pwani yetu humwita konyeza yule mnyama laini kama uji anayewasha ngozi ya mwogeleaji. Jina limeangukia mahali pake bila kukusudiwa. Protini iliyotoka kwa jamaa yake wa Pasifiki leo imepewa kazi hiyohiyo moja: inakaa ndani ya seli ya neva, na kila kalsiamu inapoingia, inakonyeza kwa kijani.

Kiangazi cha mwaka 1961 mkemia Mjapani, Osamu Shimomura, alikuwa Friday Harbor, jimbo la Washington, Marekani, akivua konyeza kwa maelfu ili ajue wanawakaje. Siku moja alimwaga majimaji ya jaribio kwenye sinki ambamo maji ya bahari yalikuwa yakiingia, na sinki zima likawaka buluu. Kiwashio kilikuwa kalsiamu ya baharini. Pamoja na protini hiyo ya buluu alikuta nyingine, ya kijani, ambayo kalsiamu haikuishughulisha hata kidogo. Hiyo ya kijani ndiyo iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ndiyo mafundi waliyoichagua. Yaani walimwacha anayesikia wakamchukua kiziwi, kisha wakamtengenezea masikio.

Kwa nini kalsiamu? Kwa sababu seli ya neva inapofyatua ishara, kalsiamu humiminika ndani yake. Anayeiona kalsiamu ikipanda na kushuka anauona ubongo ukiwa kazini.

Protini ya kijani ni mnyororo wa amino asidi 238 uliojikunja ukawa pipa lenye mbavu 11. Katikati ya pipa kuna utambi wa amino asidi tatu. Ukiumulika kwa mwanga wa buluu, unarudisha wa kijani. Utambi huo hautaki maji. Pipa likitoboka, nuru hufifia.

Fundi mwingine angeliheshimu pipa hilo asiliguse. Roger Tsien na wenzake, mwaka 1999, walilikata. Waliunganisha ncha mbili za asili kwa kamba fupi, kisha wakaufungua mnyororo mahali pengine, ubavuni, karibu kabisa na utambi. Chukua shanga, funga ncha zake, halafu kata uzi upande wa pili: shanga ni zilezile, ila mwanzo na mwisho vimehama. Ajabu ni kwamba pipa liliendelea kujikunja.

Mwaka 2001, huko Japani, Junichi Nakai, Masamichi Ohkura na Keiji Imoto walizitumia ncha hizo mpya. Kwenye moja walishona kipande kidogo kiitwacho M13. Kwenye nyingine, kalmodulini, protini inayodaka chembe nne za kalsiamu na, ikishazidaka, humkumbatia M13. Kumbatio hilo huziba tundu la pipa, na utambi unawaka. Kalsiamu ikiondoka, mikono inaachia na giza linarudi. Wakakiita kifaa hicho GCaMP.

Kilikuwa hafifu, na kwenye joto la mwili wa mamalia kilikunjika vibaya. Hapo ndipo kazi ninayoipenda zaidi ilipoanza, kazi ya maungio. Kati ya pipa na kalmodulini kuna amino asidi mbili tu. Aina za amino asidi ni 20, kwa hiyo hapo pekee pana michanganyiko 400, na ungio la upande wa pili lina 400 yake. Katika GCaMP5, threonini na arjinini za ungio la upande wa kalmodulini zilipisha lusini na prolini. Mabadiliko madogo kama kuhamisha kifungo, lakini nuru iliongezeka.

Kituo cha Janelia, Virginia, kilifanya hivyo kwa miaka: badilisha, pima, tupa. Walijifunza kutoamini bomba la majaribio, maana protini iliyong'aa humo ilizubaa ndani ya seli. Kwa GCaMP6, ya mwaka 2013, mamia ya matoleo yalipimwa ndani ya neva za panya zilizokuzwa sahanini na kuchokozwa kwa umeme. Halikupatikana toleo moja la kushinda yote, na hilo halinishangazi. Mkono unaoshika kalsiamu kwa nguvu huona hata ishara moja, lakini huchelewa kuachia. Wakatoa matatu, la haraka, la wastani na la polepole, mtumiaji achague hasara yake. Mwaka 2023, katika jGCaMP8, M13 mwenyewe aling'olewa, akapachikwa mwingine kutoka kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki. Nuru sasa hufika nusu ya kimo chake ndani ya milisekunde 2 hivi.

Mwaka uleule wa 2013, Janelia, GCaMP5 ilitiwa ndani ya neva za kichanga cha samaki aina ya zebrafish, ambaye mwili wake ni angavu. Karatasi nyembamba ya mwanga ilipitishwa kichwani mwake, tabaka baada ya tabaka, ikiukamilisha ubongo wote kwa sekunde 1.3. Takriban seli 80 katika kila 100 zilionekana mojamoja, zikikonyezana gizani, samaki mwenyewe akiwa hai.