Mji Usio na Jina

Wenzangu, kazi ilinipeleka Kisangani, na mkobani nilibeba A Bend in the River ya V.S. Naipaul (1979). Hofu ya mgeni ameiandika vizuri, sibishi. Lakini Salim, msimulizi wake kutoka pwani, anautazama mji akiwa dukani, na mji wenyewe hautajwi hata jina.

Baada ya kazi nikaenda kwa Wagenia, pale kwenye maporomoko. Nikapiga picha miti yao na mitego mikubwa ya samaki. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, jina yako nani?" Nikamwambia. Yeye sikumuuliza lake.

Kosa ninalomlaumia Naipaul, mimi nililirudia kwa simu. Kitabu kisomeni. Mkifika huku, ulizeni majina kwanza, picha baadaye.