Meza Ndani ya Kioo: Maoni juu ya Safari za Kufuata Chakula cha Televisheni

Waalimu wa lugha hatuna desturi ya kuhakiki vipindi vya televisheni vinavyohusu chakula. Twahakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Kipindi cha mtu anayekula twakiona kuwa ni cha kupumzishia akili tu baada ya kusahihisha madaftari. Hata hivyo vipindi hivyo vina wahusika, vina mandhari, vina usemi na dhamira kama ilivyo kazi nyingine yoyote ya sanaa. Tena vina uwezo ambao riwaya chache zimeupata: humwondoa mtazamaji kitini mwake, akakata tiketi, akavuka bahari kwenda kuitafuta hoteli ndogo ya familia moja, ili aagize sahani ile ile aliyoiona ikiliwa na mtu mwingine. Kazi yenye nguvu kiasi hicho haiwezi kupita bila ya kuhakikiwa, na katika kurasa hizi twapenda kuutazama mfano mmoja wake kwa makini.

Tarehe 23 Mei 2016, jioni, Barack Obama, aliyekuwa wakati ule Rais wa Marekani, na ambaye ndugu zetu wa Kenya humhesabu kuwa ni mtoto wao kwa upande wa baba, aliingia katika hoteli iitwayo Hương Liên, mtaa wa Lê Văn Hưu, mjini Hanoi, nchini Vietnam. Aliketi juu ya stuli fupi ya plastiki, mkabala na Anthony Bourdain. Bourdain, aliyezaliwa 1956 na kufariki 2018, alikuwa mpishi wa New York aliyegeuka mwandishi, kisha mtangazaji, na kipindi chake, Parts Unknown, kilikuwa kikionyeshwa na CNN tangu 2013. Baadhi ya wasomaji wetu wa Kongo huenda wakamkumbuka kwa safari yake ya mwaka huo wa kwanza, iliyopita Goma na Kisangani; na wa Kenya kwa ile iliyoonyeshwa Septemba 2018, miezi mitatu baada ya kifo chake. Sehemu ya Hanoi ilionyeshwa Septemba 2016.

Chakula chenyewe huitwa bún chả. Ni nyama ya nguruwe iliyochomwa juu ya makaa, nyingine ikiwa vipande vyembamba na nyingine imesagwa na kufinyangwa vidonge bapa, kisha ikatiwa ndani ya bakuli la mchuzi mwepesi. Mchuzi huo hutokana na maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi, yakazimuliwa, yakatiwa sukari na siki, na kuelezwa ndani yake vipande vya papai bichi. Kando huletwa tambi nyembamba za mchele na sahani ya majani mabichi yenye harufu, mnanaa na giligilani yakiwamo. Mlaji huchukua tambi kidogo kwa vijiti, akachovya, akaongeza majani apendavyo. (Wenzetu ambao dini yao yawakataza nyama hiyo watatuwia radhi, hatuwezi kuueleza mji wa Hanoi kwa mishikaki ya mbuzi.) Yafaa ijulikane pia kwamba kwa desturi ya mji ule hiki ni chakula cha mchana, saa ambayo moshi wa makaa hutanda vichochoroni na watu wakatoka kazini kwa harara ya njaa. Kwa hiyo tangu hatua ya kwanza televisheni ilikuwa imekwisha kuihamisha sahani hii kutoka saa yake.

Tukianza na fani, hatuna budi kukiri kwamba onyesho lile limetungwa kwa ustadi mkubwa. Hakuna kitambaa mezani. Bia ya Hanoi inanyweka kwa mdomo wa chupa. Watu wengine wamekaa meza za jirani, karibu kabisa, na bakuli zao mbele yao. Baadaye Bourdain alitangaza kwamba gharama yote ya mlo ilikuwa dola 6, na kwamba yeye ndiye aliyelipa. Siku ile ile Obama alikuwa ametangaza kwamba nchi yake imeondoa marufuku ya kuiuzia Vietnam silaha, naye alikuwa mgeni katika mji ambao ndege za nchi yake ziliupiga mabomu katika vita iliyokwisha 1975. Hakuna aliyehitaji kuyasema hayo mezani. Stuli ya plastiki iliyasema. Mtunzi wa tamthilia aliyezoea kuwapa wahusika wake hotuba ndefu angejifunza mengi hapa, na sisi tunaofundisha tamthilia hizo vile vile.

Lakini tukifika kwenye usemi, twaona kasoro ambayo sifa zote hizo haziwezi kuifunika. Wageni wawili wanazungumza. Wanazungumza juu ya watoto wao, juu ya hali ya ulimwengu na kama itatengemaa, hata juu ya kama mtu mzima anaruhusiwa kutia sosi ya nyanya kwenye soseji. Ni mazungumzo mazuri. Na mwenye hoteli je? Yule aliyeamka kutayarisha majani, aliyejua ni dakika ngapi nyama ikae juu ya moto, twaondoka mezani bila ya kujua ana maoni gani juu ya jambo lolote, hata juu ya mchuzi wake mwenyewe. Amegeuzwa pazia la nyuma ya jukwaa. Kamera ilikwenda Hanoi kuwatazama wageni wakila, ikawatazama, ikaondoka.

Sasa tazama jinsi kasoro hiyo ya usemi ilivyozaa matokeo mtaani. Baada ya onyesho, wasafiri walianza kumiminika. Watu wa Hanoi wakaiita hoteli ile «bún chả Obama». Kwenye orodha ya vyakula kukaongezwa mlo wa pamoja wenye jina la Obama: bakuli la bún chả, sambusa ndefu ya kukaanga yenye nyama ya vitu vya baharini, na chupa ya bia. Picha za ule usiku zikapamba kuta. Hatimaye, mwaka 2018, meza ile, stuli zake, bakuli, vijiti na chupa vikafunikwa kwa sanduku la kioo, na wasafiri wakawa wanapiga picha mbele yake.

Watu wengi wamelicheka sanduku lile. Sisi hatulicheki, wala hatumlaumu mwenye hoteli hata kidogo. Mtu anayeuza chakula cha bei ndogo, na ambaye bahati imempitia mara moja, ana haki ya kuifungia mlango isitoke. Kinyozi gani wa miji yetu asiyetundika ukutani picha ya mchezaji mpira ambaye hajawahi kukanyaga mlango wake? Tena kwa maoni yetu yeye ndiye mtazamaji aliyekielewa kipindi kuliko wote. Kipindi kilisema kwamba jambo la maana mahali pale ni meza na waliokaa hapo, naye akaihifadhi meza. Kama kingalisema kwamba jambo la maana ni mkono unaogeuza nyama juu ya makaa, pengine wasafiri wangaliuliza jiko liko wapi. Tatizo ni kwamba uzuri wote wa onyesho ulikuwa katika ukawaida wa meza ile, kwamba mtu yeyote angeweza kuikalia. Na sasa ndiyo meza pekee katika hoteli nzima ambayo hakuna awezaye kuikalia.

Lugha yetu hapa yaweza kutusaidia kufikiri. Safari ya namna hii tuiite nini? Twasema «kutembelea» tukienda kwa jamaa au rafiki, na aendaye kutembelea hatarajii tu kuona, atarajia kuulizwa hali na kujibu. Twasema «kuzuru», na ingawa magazeti yamelizoesha neno hili kwa ziara za mawaziri, asili yake ni kwenda mahali penye heshima ya kidini, hasa makaburini. Twasema «kutalii», ambalo ni kutazama na kupita. Anayekwenda Hanoi kusimama mbele ya kioo amezuru. Asiyejua hata salamu ya Kivietnamu na akala huku akitazama simu ametalii. Wa kutembelea ni haba. Wajapani nao, ambao wana desturi kubwa ya kuandamia mahali palipoonyeshwa katika filamu na michezo ya kuigiza, wameazima msamiati wa dini: huita seichi junrei, yaani kuzuru mahali patakatifu.

Na kwa kuwa tumewataja Wajapani, yafaa tuseme neno juu ya kipindi chao kimoja ambacho twakiona kimelitatua tatizo hili kwa njia ya ajabu. Kodoku no Gurume, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulitoa kama «Mla Vizuri wa Peke Yake», ulikuwa kwanza mchezo wa katuni wa Masayuki Kusumi, uliochorwa na Jiro Taniguchi katika miaka ya 1990. Tangu Januari 2012 umekuwa ukiigizwa katika TV Tokyo, mwigizaji mkuu akiwa Yutaka Matsushige. Mhusika ni mfanyabiashara wa vitu vya kutoka nchi za nje, hanywi pombe, na kila akimaliza shughuli zake hushikwa na njaa, akaingia hoteli ndogo mtaani. Hoteli hizo ni za kweli na chakula ni chao. Mhusika huyu hasemi sana. Twasikia mawazo yake tu, naye huzungumza na wali, na supu, na kachumbari, kwa uzito ambao Obama na Bourdain waliuweka kwenye mambo ya dunia.

Wenye hoteli huigizwa na waigizaji, jambo ambalo mwanzo lilitukera. Lakini mchezo ukiisha, mtunzi Kusumi mwenyewe huingia katika hoteli ile ile, mara hii wenyewe wakiwa ndani, akaagiza, akala, akanywa, akawauliza maswali. Mtazamaji amekwisha kuonyeshwa mahali pa kubuni, kisha akaonyeshwa wenye mahali penyewe. Ni kana kwamba mwandishi wa riwaya amekuita nyuma ya kitabu akakujulisha kwa jirani aliyemwazima kuwa mhusika. Wapenzi wa mchezo huu nao husafiri, wengine kutoka Taiwan na Korea, wakaketi kiti kile kile na kuagiza vile vile. Foleni huwakera wateja wa zamani, hilo halikwepeki. Lakini aendaye huko amekwisha kuiona sura ya mwenyeji wake, na anajua kwamba yupo mtu wa kushukuriwa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kumtukuza mpishi peke yake ni dawa. Filamu ya David Gelb ya mwaka 2011, Jiro Dreams of Sushi, haikumsahau mpishi hata nukta moja: ni habari za mzee Jiro Ono na wanawe, na duka lao la Ginza, mjini Tokyo, lenye viti kama kumi tu. (Obama alikula huko pia, Aprili 2014. Huyu bwana ana bahati ya viti.) Watu walitaka kwenda kwa wingi kiasi kwamba mtu wa kawaida hakuweza tena kupata nafasi kwa kuomba mwenyewe, na Novemba 2019 kitabu cha Michelin, ambacho kilikuwa kimelipa nyota 3, kikaliondoa kwa sababu hiyo hiyo. Viti kumi ni viti kumi. Televisheni na filamu zaweza kuongeza sifa mara elfu, stuli haziongezi hata moja.

Kwetu sisi waalimu suala hili lina upande wa kazi. Insha za safari tunazosahihisha kila muhula zimejaa ugonjwa ule ule wa meza ya Hanoi: mwanafunzi alipanda basi, alifika, aliona, alikula, alirudi. Katika kurasa mbili nzima hakuna mwenyeji hata mmoja aliyefungua kinywa. Hata mama ntilie, ambaye jina lake lenyewe limetokana na usemi wa mteja akiomba atiliwe chakula, katika insha hizo hapewi jibu.

Mwalimu mwenye nafasi ya kuonyesha kipande kimoja tu darasani, twampendekezea kile cha Hanoi, pamoja na kasoro zake. Akionyeshe mara ya kwanza na sauti, mara ya pili bila ya sauti. Kisha kila mwanafunzi aandike, kwa ukurasa mmoja, maneno ambayo mwenye hoteli angewaambia wale wageni wawili wakati wa kuondoa bakuli: kwa adabu ya mwenye duka, kwa Kiswahili cha mtu aliyesimama jikoni tangu asubuhi, na bila ya kuwauliza chochote juu ya hali ya ulimwengu.