Usukani, Kana na Gia: Majina ya Motokaa za Mwanzo

Neno "usukani" lilishuka chomboni likapanda motokaa, na katika safari hiyo likabadilika maana. Baharini, usukani ni ule ubao ulio majini nyuma ya chombo, ambao hukigeuza. Mkono wa kuuendeshea huitwa kana. Barabarani, usukani umekuwa kile anachokishika dereva, na kile hasa kinachogeuza gari hakikupewa jina. Kwa dereva hapana hasara. Hasara ni ya mfasiri na mwalimu wa ufundi, ambao huandika kwamba mtengenezaji fulani "aliboresha usukani" na kumwacha msomaji asijue ni kitu gani kilichoboreshwa.

Hapana haja ya kwenda Ulaya kuiona tofauti. Wilayani Hanang, ambako mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalileta mitambo mingi katika miaka ya 1970, trekta linalokokota tela la magurudumu manne kwenye njia za Masakta ni somo kamili. Mhimili wa mbele wa tela huzunguka wote juu ya egemeo moja la katikati, kama ilivyokuwa kwa magari ya farasi. Magurudumu ya mbele ya trekta, kila moja lina egemeo lake, na lile la upande wa ndani hupinda zaidi kwa kuwa hufuata duara dogo. Sisi husema tu kwamba vyote viwili "vinakata kona".

Jambo hilo ndilo lililomsumbua Karl Benz. Motokaa yake ya 1886 ilikuwa na magurudumu matatu, maana hakuwa ameridhika na njia yoyote ya kugeuza mawili ya mbele. Mwaka 1893 alipata hataza ya mfumo wa maegemeo mawili. Kanuni yenyewe haikuwa ngeni: Rudolph Ackermann aliiandikisha London mwaka 1818 kwa niaba ya mbuni wake, Georg Lankensperger, na Amédée Bollée aliitumia katika gari la mvuke la 1873. Lakini mbele ya dereva wa Benz hapakuwa na duara la kushika. Palikuwa na mkono, yaani kana, wala sioni sababu ya kuazima neno jingine. Duara alilifunga Alfred Vacheron katika Panhard yake kwa mashindano ya Paris hadi Rouen, mwaka 1894. Basi mmoja alirekebisha magurudumu, mwingine alirekebisha kishikio, na tafsiri zetu huwapa wote wawili sifa ile ile. Yafaa usukani ubaki kwa duara, kana kwa mkono, na mfumo mzima uitwe uelekezaji.

"Gia" ina matata zaidi. Neno hili hubeba gurudumu la meno, kiwango cha mwendo na mkono wa kubadilishia. Katika motokaa za Panhard et Levassor za miaka ya 1890 maana hizo zilipatana: dereva alisukuma mkono, magurudumu ya meno yakateleza kwenye mhimili yakaumana, kwa kelele nyingi, na mwendo ukabadilika. Louis Renault alizitenganisha mwaka 1898. Katika mwendo wake wa tatu, nguvu ya injini ilipita moja kwa moja bila kupokezwa na meno yoyote. Ndugu mfasiri, ukiandika "gia ya tatu ya Renault" umetaja gia pasipo gia. Andika "mwendo wa tatu".

Ford Model T ya 1908 ina ushahidi mzito zaidi. Meno yake yalikuwa yameumana daima. Dereva alikanyaga pedali, ukanda ukabana ngoma, akapata mwendo wa kwanza. Alipoiachia kabisa, akapata wa pili. Kwa gari hilo "kuingiza gia" si mtindo mbaya wa lugha tu, ni kosa la ukweli, kwa kuwa hakuna gurudumu lililoingizwa popote.

Kuhusu sanduku lenyewe sina maneno mengi. "Sanduku la gia" si kosa, ila mafundi husema giaboksi, nasi tulikwisha kuzipokea klachi na breki bila kutokwa na jasho. Giaboksi libaki. Kazi iliyosalia ni kuyapa jina yale magurudumu ya meno ya Ford, yanayolizunguka jingine kama sayari zinavyolizunguka jua. "Magurudumu-sayari" litaeleweka kwa mwanafunzi aliyesoma jiografia. Lakini kabla ya kuandikwa katika orodha yoyote, lipelekwe karakanani mafundi walijaribu midomoni mwao.